Shajara ya mradi: kidoki cha mashua horini, bamvua na mlango uliotutesa

8 Februari 2025

Naanza kuandika leo maana kuna jamaa wawili wa upande wa Pangani na mmoja wa Mkinga wanataka kuiga hiki kidoki changu, yaani shimo la kukarabatia mashua pakavu, wakaomba niwe naweka kila hatua pamoja na gharama. Sawa, ila mtanivumilia, mi sio injinia, nina mashua moja tu ya futi 30 niliyoachiwa na baba na inavuja.

Tatizo mnalijua. Ukitaka kukarabati mashua huku kwetu Tanga unaipandisha siku ya bamvua (maji makubwa ya mwezi kuandama au mwezi mpevu), maji yakipwa inakaa juu ya magogo, fundi anapata masaa matano, akijitahidi sana sita, ya kuchokoa kalafati ya zamani (pamba ya kuziba nyufa za mbao) na kupiga mpya, afu maji yanarudi anafungasha vyombo anakwenda kunywa kahawa. Ubao wa karibu na mkuku (uti wa chini wa mashua) ulioutia mchana, usiku ushaloa. Mwaka jana kazi ya siku nne ilinichukua mwezi na nusu na fundi alikula hela ya kusubiri kuliko ya kufanya kazi, na simlaumu.

Wazo ni hili. Kuna shamba la chumvi liliachwa zamani pembeni ya hori letu (mkono wa bahari), lina mfereji na matuta pande mbili bado yamesimama. Nachimba kipande cha mita 12 kwa 4, mdomoni naweka kizingiti cha zege na mlango. Maji yakijaa mashua inaingia, yakipwa yanatoka yenyewe, nafunga mlango, yakirudi yanakuta kumefungwa. Fundi anafanya kazi wiki mbili mfululizo mguu mkavu.

Vikao na serikali ya kijiji na BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) vilikuwa viwili, sharti mkoko usiguswe hata mmoja. Kuna mkandaa, aina ya mkoko, umeota katikati ya mfereji, tumeuzunguka, ndo maana mkija mtaona doki lina kona. Vikao, nakala na usafiri: 120,000.

2 Machi 2025

Vipimo. Nimechukua bomba la plastiki la inchi 2 nikalichora rangi kila sentimita 10 nikalisimika mdomoni mwa mfereji, kisha nikahamisha usawa mpaka kwenye nguzo ya tuta kwa mpira wa maji ule wa kuonesha ndani. Mwezi umeandama juzi, bamvua zuri. Jana jioni maji yalisimama saa 11 na dakika 20, jedwali la maji la bandarini lilisema mapema zaidi kama dakika 25 hivi, maana huku ni ndani ya hori maji yanachelewa kufika. Hilo liandikeni, ukifata saa ya bandarini utafunga mlango mapema.

Nikaweka alama nyekundu pale maji yalipofika. Mzee mmoja aliyekuwa akifanya kazi hapahapa enzi za chumvi alikuwa anapita akauliza alama ya nini, nikamwambia hapo ndo bamvua linafika. Akasema, "Bamvua lipi, mwanangu?" Nikacheka. Mngejua.

Gharama 45,000.

18 Machi 2025

Kizingiti kimemwagwa. Tumefanya wakati wa mfungo, kwa hiyo kila mtu alitaka kumaliza kabla jua halijawa kali, na kupwa kwa bamvua kunaangukia kuanzia saa nne asubuhi kwa hiyo hatukuwa na uhuru wa kuchagua. Simenti mifuko 22, nondo, kokoto tripu mbili, mchanga tripu moja, maji baridi madumu 40 yamekuja kwa bodaboda. Fundi mmoja alitaka kuchanganyia maji ya hori, nimekataa, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani na hautajua mpaka zege lipasuke. Pembeni tumesimamisha kuta mbili na kuacha nafasi ya mita 3.2, mashua yangu ina upana wa 2.6.

Sakafu sijaweka zege, ni mawe ya mwamba yaliyoshindiliwa yenye mteremko kuja kizingitini. Zege ingependeza ila maji ya chini ya ardhi yakisukuma juu na doki likiwa tupu yanaipasua.

Jumla milioni 1 na laki 6.

1 Aprili 2025

Idi njema. Jana jioni bamvua limepanda mita 2.1 juu ya kizingiti. Watoto wameogelea humo na nguo za sikukuu, mama zao wamenisema mimi.

16 Aprili 2025

Haya. Bamvua la mwezi mpevu limekuja, nimekaa juu ya tuta na mwavuli maana masika yameshaanza, nikasubiri maji yafike mita 2, yakasimama mita 1.6. Nikajua nimekosea saa. Siku ya pili hivyohivyo, siku ya tatu yakapungua.

Hesabu iko hivi: mashua inazama sentimita 95, magogo ya kuikalia ni sentimita 45, jumla mita 1.4, ukitoa mawimbi na kiasi cha kuisogeza kushoto kulia inabaki hewa. Yaani kwa kizingiti hiki ningeingiza mashua kwa bamvua moja na kusubiri mwezi mzima lije lingine la kufanana nalo.

Nikaenda kwa yule mzee, safari hii sikucheka. Akanieleza taratibu kwamba mabamvua hayalingani, la mwezi kuandama na la mwezi mpevu moja linakuwa kaka na lingine mdogo, wao kwenye chumvi walikuwa wanajaza mabwawa ya juu kwa lile kaka. Nikaingia kwenye simu kuhakikisha: mwezi haukai umbali mmoja, tarehe 30 Machi ulikuwa kama kilomita 358,000 kutoka kwetu, tarehe 13 Aprili kama 406,000. Na mimi nilichora alama yangu tarehe 1 Machi, siku ambayo mwezi mpya na ukaribu vilikutana, tena karibu na kipindi cha usiku na mchana kulingana ambapo maji huwa makubwa zaidi. Nilipima jitu nikadhani ni mtu wa kawaida.

Dawa ni kushusha kizingiti sentimita 40, na sakafu nayo ishuke. Nimeandika kwa chaki kwenye ukuta wa banda: KUANDAMA KUBWA, MPEVU DOGO. Kumbukeni hayo maandishi, yatarudi.

29 Mei 2025

Kizingiti kimevunjwa kwa nyundo na mtaimbo na watu wanne kisha kimemwagwa upya. Kimetuchukua mabamvua matatu maana lile la kwanza mvua haikutupa hata siku moja. Hapa ndo nilipoelewa huu mradi ulivyo: kosa la bara unarekebisha kesho yake, kosa la hapa unasubiri wiki mbili maji yapwe vya kutosha ndo uguse tena. Milioni 1 na laki 1 na nusu. Sikuongea na mtu siku mbili.

27 Juni 2025

Mlango. Hapa nilijidai. Nilikuwa nimeangalia sana picha za madoki ya Uingereza, Liverpool walifungua doki lao la kwanza la kuzibia maji 1715, Bristol wakaziba mto mzima 1809 ili meli zisikae kwenye matope, maana kule maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 12. Kwetu huku tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 4 hata lile kubwa kabisa, ndo maana Tanga, Dar na Mombasa hamna malango, wanachimba kina tu meli inaegesha. Basi nikapenda ile milango miwili inayokutana kwa pembe kama paa la nyumba lililolala, kichwa kinaelekea baharini, maji yakisukuma ndo inazidi kubana.

Mbao nimechukua mtiki wa Longuza, Muheza, inchi 2, unavumilia wale wadudu wa majini wanaotoboa mbao. Bawaba za chuma nimechomelesha mjini. Kila mlango ulibebwa na watu wanne tena wanahema.

Jana tukaifungua tukasubiri maji yajae tujaribu kuingiza mtumbwi. Saa kumi na moja kasoro maji yako kifuani, nikaona mlango wa kushoto unatikisika. Nikadhani ni mkondo. Kumbe unapanda. Polepole kabisa, ukatoka kwenye pini yake ya chini, bawaba ya juu ikajikunja kama kijiko, na mlango wetu wa watu wanne ukalala juu ya maji ukaanza kuondoka zake kuelekea mikokoni. Dogo mmoja akaruka akaupanda akawa anaupiga kasia kwa mkono. Kila mtu alicheka isipokuwa aliyelipa.

Mbao inaelea, jamani. Mtiki ukiwa mzito vipi bado ni mwepesi kuliko maji ya chumvi. Nilipiga hesabu usiku, mlango wangu una kilo kama 165 na maji yaliuinua kwa kilo kama 255, kwa hiyo kulikuwa na kilo 90 zinausukuma kwenda juu na juu hapakuwa na kitu cha kuuzuia. Wenzetu wanaweka vyuma vizito na kishikio cha shingo juu. Na hata ule wa kulia uliobaki, pale milango inapokutana palikuwa na uwazi wa vidole vitatu, kuulinganisha ndani ya masaa matano ya kupwa ni kazi ya fundi ambaye mimi sina.

Mbao 900,000, bawaba 340,000, fundi 240,000. Bawaba ziko bandani mwenye kuzitaka aje.

12 Julai 2025

Nimeachana na milango ya kufungua. Sasa ni mbao za kuchopeka: kila upande wa ukuta kuna chaneli ya chuma, unashusha ubao mmoja baada ya mwingine umelala mpaka juu, unagonga kabari zisielee (hilo nimejifunza). Kufungua unachomoa mmoja mmoja. Sio ya kupiga picha lakini mtu yeyote anaelewa.

Nimenunua mbao nne ndefu za mita 3.3 za majaribio, inchi 2, nikazipanga chini na juu yake nikaziba kwa mifuko ya mchanga. Maji yalipofika mita moja na nusu ubao wa chini kabisa ukapinda kama upinde, nikasikia tá, mpasuko wa kutoka fundo la katikati. Tukatoka ndani mbio.

Huu mzigo wa maji watu wengi hatuujui. Kwa upana wa mita 3.2, kina cha mita 1 kinasukuma kama tani 1.6. Kina cha mita 2 sio mara mbili, ni mara nne, karibu tani 6 na nusu. Na ubao wa chini ndo unabeba zaidi.

380,000 pamoja na chaneli.

27 Julai 2025

Dawa imepatikana na ni rahisi mpaka inauma: nguzo ya katikati. Tumetoboa tundu kwenye kizingiti, kazi ya siku mbili, nguzo ya chuma inasimama humo na inaegemezwa na mhimili kutoka ndani. Mashua ikitaka kupita unaing'oa. Ubao uliokuwa unavuka mita 3.2 sasa unavuka 1.6, ukigawa urefu nusu, mzigo wa kuupinda ubao ule ule unashuka mara nne. Na mbao za ile milango ya Kizungu zina urefu wa mita 1.75 tu, zimeingia vizuri baada ya kukatwa kidogo. Zile ndefu tatu nzima nazo nimezikata nusu nusu. 410,000.

Jumla mbao tisa kila upande, kimo mita 2.25. Zingetosha hata kumi lakini mimi nitafunga doki kwa mabamvua ya mwezi mpevu tu, yale madogo, hayafiki hapo. Nimeokoa mbao mbili.

Kuvuja kati ya ubao na ubao tumeweka vipande vya tyubu ya lori, bado maji yalikuwa yanachuruzika. Yule mzee akaniambia niende nje ya mlango na ndoo ya pumba za mbao zilizochanganywa na majivu, nimwage taratibu maji yakiwa yanapanda. Unamwaga, unaona pumba zinaelea kidogo, afu zinaanza kuvutwa zenyewe kwenye nyufa, mstari mwembamba unatokea kila kwenye uvujaji, na ndani michirizi inakata mmoja mmoja kama mtu anafunga mabomba. Ndoo mbili. Bure, fundi seremala alifurahi pumba zimemtoka.

11 Agosti 2025

Maji hayapiti tena mlangoni, yanapita chini yake. Juzi nyuma ya kizingiti pametokea vijichemchemi vitatu, kimoja maji safi, viwili vinatoa maji na mchanga mweupe unajijaza kama kichuguu kidogo. Nilikuwa nahangaika na kile cha maji safi maana kilikuwa kikubwa, mzee akanivuta shati. "Hicho kiache kilie. Haya yenye mchanga ndiyo yanakula nyumba." Ana haki, mchanga ukitoka maana yake chini pameanza kuwa na shimo, na shimo linakua kila maji yakijaa mpaka kizingiti kinaning'inia hewani.

Na tuta la kulia kaa wametoboa, nimehesabu matundu 17 kwenye mita tatu.

26 Agosti 2025

Tumechimba handaki nje ya kizingiti, kina mita 1.2, mpaka kwenye udongo wa bluu unaonata, limeingia mita mbili ndani ya kila tuta. Tumetandika nailoni nzito, kisha udongo wa kichuguu, tabaka la kiganja kimoja, maji kidogo, shindilia, tabaka lingine. Msifanye haraka hapa. Fundi wangu wa kwanza alimwaga tripu nzima kwa pamoja akakanyaga juu, maji yaliporudi ikawa uji, tukaanza upya. Matundu ya kaa tumeziba kwa udongo uleule na mawe, watatoboa tena, hiyo ni ya kuangalia kila wiki.

Vijichemchemi vya mchanga vimekufa vyote. Kile cha maji safi bado kinalia, tumekichimbia shimo dogo na pampu ya kukodi inayafyonza dakika kumi asubuhi na jioni. Handaki 560,000.

10 Septemba 2025

Nimekaa chini ndo naandika.

Tarehe 7 usiku sote tuliona mwezi ulivyopatwa, mwekundu kabisa, msikitini waliswali. Mimi nikasema vizuri, mwezi mpevu, bamvua dogo, kesho kutwa nafunga doki tupu tujaribu siku tano kabla ya kuingiza mashua. Jana asubuhi maji yalipopwa tukachopeka mbao zote, pumba, majivu, kila kitu. Saa kumi jioni maji yalikuwa yamebakiza kiganja kufika juu na bado saa nzima na zaidi ya kujaa. Saa kumi na nusu yakaanza kumwagika juu ya mbao, kwanza kama pazia, baadae kama mto. Yalisimama mita 2.55 kwenye bomba langu, sentimita 30 juu ya ubao wa mwisho. Doki likajaa kwa dakika chache, na pampu ya kukodi ilikuwa ndani shimoni.

Mzee alikuja kuangalia maandishi ya chaki bandani akasoma kwa sauti, "Kuandama kubwa, mpevu dogo." Akaniuliza nimeandika lini. Aprili. Akasema kaka na mdogo wanapokezana, miezi kama saba mmoja anakuwa mkubwa kisha mwenzie. Ni kweli, nimeangalia, safari hii mwezi umekuwa karibu tarehe 10 Septemba, yaani umeangukia kwenye mpevu. "Mbona Aprili hukuniambia?" "Hukuuliza, ulishika chaki ukaondoka."

Maandishi nimefuta. Sasa naangalia jedwali kila siku, urefu wa maji wenyewe, mwezi unanisaidia kujua tarehe tu.

Mbao mbili kila upande zimeongezwa, kimo mita 2.75, 190,000. Pampu kukodi, mafuta na kumfidia mwenye pampu, 230,000. Kwa hiyo akiba yangu ya mbao mbili imekula zaidi ya ilichookoa.

9 Oktoba 2025

Mashua imeingia. Jana jioni nguzo imeng'olewa, tumeivuta kwa kamba nne, mbili mbele mbili nyuma, na tumengoja maji yasimame kabisa maana hata mkondo mdogo unaigeuza ubavu mlangoni. Una kama dakika 20 hivi. Usiku maji yalipopwa ikashuka juu ya magogo, sauti ya mbao kuugua kidogo, ikatulia. Asubuhi tumechopeka, maji ya jioni hii yamekuja yamekuta mlango, ndani fundi amewasha taa anachokoa kalafati na redio inaimba.

24 Oktoba 2025

Siku 13 kavu. Mbao tatu za karibu na mkuku zimebadilishwa, taruma moja jipya (ubavu wa ndani), kalafati yote ya chini pamba mpya, sifa (mafuta ya papa) mikono miwili na imekauka kabla haijaona maji. Tulitoka juzi kwa bamvua la kuandama, dogo safari hii, mita 2 tu juu ya kizingiti, na tumeelea bila kusukuma.

Hesabu yote toka Februari ni 6,165,000. Humo kuna 1,730,000 ya kuvunja na kumwaga kizingiti upya pamoja na bawaba na ufundi wa milango iliyoogelea, ninyi msiilipe hiyo.

Mashua ya pili imeomba nafasi bamvua la tarehe 6 Novemba. Mwezi mpevu na ukaribu vinaangukia karibu pamoja, tarehe 5 kuamkia 6, kwa hiyo ubao wa kumi na mbili nimeshauchonga. Ina upana wa mita 2.9, inabaki sentimita 15 kila upande, nimemwambia nahodha avue matairi ya ubavuni kabla hajafika mdomoni.